Jenereta mbili kwenye basibaa moja: jinsi ya kugawa mzigo na kusaka hitilafu

Mashine mbili za kVA 250 zinafanya kazi sambamba kwenye basibaa moja (vyuma vya pamoja vinavyopokea umeme wa zote), 400 V, 50 Hz. Moja inasoma ampea 260, nyingine 190. Msimamizi anataka zilingane, na fundi ana bisibisi mkononi. Akianza na skrubu ya spidi atazidi kuharibu, kwa sababu mita za kW zinaonyesha 120 kwa 120: injini zimeshagawana kazi sawasawa. Tofauti iko kwenye sumaku ya alternata, sehemu ya jenereta inayozalisha umeme.

Mwongozo huu ni wa jenereta za dizeli zinazolisha mzigo zenyewe, kama ilivyo hotelini, hospitalini au kiwandani umeme wa TANESCO au Kenya Power unapokatika. Kuunganisha jenereta sambamba na gridi yenyewe ni kazi nyingine, ina kibali chake na relei (vifaa vya ulinzi) zake.

Kanuni inayoamua ushike nini

Jenereta ikiwa peke yake, ukiongeza mafuta spidi hupanda na Hz hupanda nayo. Ukiongeza mkondo wa eksaita (sehemu inayolisha sumaku ya alternata), volteji hupanda. Zikishafungwa kwenye basibaa moja, hakuna inayoweza kukimbia peke yake. Ukiongeza mafuta kwenye moja, Hz ya zote hupanda kidogo tu, ila ile uliyoigusa inabeba kW (nguvu inayofanya kazi) zaidi. Ukiongeza mkondo wa eksaita, volteji ya basibaa hupanda kidogo tu, ila mashine ile inabeba kVAr (nguvu ya kujenga sumaku tu, isiyofanya kazi) zaidi.

Kwa hiyo kW hazilingani: nenda kwenye mafuta na gavana (kidhibiti cha spidi ya injini). kVAr hazilingani: nenda kwenye AVR (kidhibiti cha volteji). Ampea ni mchanganyiko wa vyote viwili, na anayesawazisha kwa kuangalia ampea peke yake hufika mahali ampea zinalingana huku injini moja ikibeba na nyingine ikisukumwa.

Tufanye hesabu ya mfano ule. Ampea 260 kwa 400 V ni 1.732 × 400 × 260, yaani kVA 180. kW ni 120, basi pawa fakta (kW kugawanya kwa kVA) ni 0.67 na kVAr (mzizi wa kVA² toa kW²) ni 134. Mashine ya pili, ampea 190, ni kVA 132. Pawa fakta 0.91 na kVAr 54. Jumla ya kVAr ni 188, kila moja ilitakiwa kubeba 94. Zikigawana hivyo, kila moja itasoma ampea 220. Angalia kilichotokea: 260 na 190 ni 450, lakini mzigo wenyewe unahitaji 440 tu. Hizo ampea 10 za ziada hazifiki kwa mtumiaji; zinatokana na kVAr 40, karibu ampea 58, zinazozunguka kati ya alternata mbili na kupasha waya joto. Tofauti ya volteji ikiwa kubwa zaidi, mzunguko huo unaweza kufika ampea mia na zaidi hata bila mzigo wowote.

Andika kabla ya kugusa

Chukua karatasi na uandike kwa kila mashine: kW, kVAr pamoja na alama yake, ampea za fezi tatu, volteji, Hz, pawa fakta, na nafasi ya akchueta (kifaa kinachofungua mafuta) au asilimia ya mafuta kama kontrola (kompyuta ya paneli) inaonyesha. Fanya hivyo bila mzigo, kisha robo, nusu na robo tatu ya mzigo. Hitilafu inayoonekana kwenye mzigo mdogo tu na ile inayoonekana kwenye mzigo mkubwa tu hazina chanzo kimoja, kama tutakavyoona kwenye drupu (kushuka kwa Hz au volteji kadiri mzigo unavyopanda).

Onyo ambalo watu hulisahau: jenereta iliyozimwa bado ina umeme kwenye breka (swichi kuu) yake upande wa basibaa, unaotoka kwa mwenzake. Waya za kupimia volteji ya basibaa ndani ya paneli nazo ziko hai. Acha breka ikiwa wazi na uipige kufuli, toa hasi ya betri ili injini isiwashwe kwa mbali, kisha pima kabla ya kushika. Tena, usifungue waya wa sekondari ya CT (transfoma ndogo ya kupimia mkondo) mkondo ukipita; volteji inayoruka hapo inaua mtu na kuchoma CT. Kama ni lazima kuufungua, fupisha kwanza tarminali zake mbili.

Hatua ya kwanza: kila mashine ikaguliwe peke yake

Asilimia kubwa ya matatizo ya usambamba hupatikana mashine ikiwa peke yake, na hapo hakuna hatari ya kuvunja kitu.

1. Volteji na spidi. Weka zote volteji moja bila mzigo, kwa multimita ileile, usitegemee mita mbili za paneli. Jihadhari na mashine zilizonunuliwa sehemu tofauti: iliyopangwa kwa Kenya mara nyingi iko 415 V, ya Tanzania 400 V, na mitumba nyingine huja ikiwa 380 V. Tofauti ya 15 V ni karibu asilimia 4, inatosha kabisa kuzungusha mkondo mkubwa mara breka inapofungwa.

2. Mpangilio wa fezi. Tumia kipima mzunguko wa fezi pande zote mbili za kila breka. Mzunguko kuwa sahihi hakutoshi, na hilo tutalirudia kwenye kuoanisha.

3. Alama ya kW. Ipe mashine mzigo ikiwa peke yake. kW za kila fezi lazima ziwe chanya na pawa fakta iwe ya maana, tuseme 0.8 hadi 1. Fezi moja ikisoma hasi, CT yake imegeuzwa. Pawa fakta ikiwa ya ajabu, kama 0.3 kwenye hita za maji, CT imewekwa kwenye fezi isiyo yake. Kontrola inayosoma kW vibaya itagawa mzigo vibaya kwa uaminifu mkubwa, na hakuna skrubu itakayoiponya.

4. Uwezo wa injini. Ipandishe hadi robo tatu ya mzigo au zaidi, kwa mzigo bandia kama unao, na uiache nusu saa. Hz zikishuka na akchueta iko wazi kabisa, shida ni mafuta au hewa: filta ya dizeli imeziba, bomba la kufyonza linaingiza hewa, filta ya hewa chafu, nozeli zimechoka, turbo imelegea. Kumbuka pia mwinuko. Jiji la Nairobi liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza pale sehemu ya nguvu ambayo Mombasa ingekuwa nayo yote. Jedwali la mtengenezaji linatoa kiwango cha upunguzaji. kW zinazobaki baada ya kupunguza ndizo uingize kwenye kontrola kama kW halisi ya mashine.

Drupu ya gavana

Mashine mbili zenye gavana zinazong'ang'ania Hz 50 kamili kila moja kivyake haziwezi kugawana mzigo bila kuzungumza. Moja inaona Hz 49.98 na kuongeza mafuta, nyingine inaona 50.02 na kupunguza, mpaka moja ibebe yote na nyingine irudishwe nyuma. Dawa ya zamani, ambayo bado ndiyo ngome ya mwisho mawasiliano ya kontrola yakikatika, ni drupu: kila injini inaruhusiwa kushuka Hz kadiri inavyobeba.

Kiasi cha kawaida ni asilimia 3 hadi 5. Tuchukue 4: bila mzigo Hz 52, mzigo kamili Hz 50. Kwa mashine ya kW 200, kila kW inashusha Hz 0.01. Mzigo wa kW 240 ukigawanywa sawa, kila moja inabeba 120 na basibaa inakaa Hz 50.8.

Sasa mtu amepandisha spidi ya mashine ya pili mpaka Hz 52.5 bila mzigo. Mteremko ni uleule, kwa hiyo tofauti ya kW 50 inabaki popote mzigo utakapokuwa: mzigo wa 240 unagawanyika 95 na 145. Dalili hii, tofauti isiyobadilika mzigo ukipanda na kushuka, inamaanisha spidi ya msingi. Geuza skrubu ya spidi, usiguse drupu.

Dalili ya pili ni mbaya zaidi kwa sababu inajificha. Mashine ya kwanza ina drupu ya Hz 2 (52 hadi 50), ya pili ina Hz 1 tu (51 hadi 50). Kwenye mzigo kamili wa kW 400 zinagawana 200 kwa 200, na anayezipima mchana anaridhika. Usiku mzigo unashuka hadi kW 100: Hz zinapanda mpaka 51, na kwa Hz hizo ya kwanza inabeba zote 100 wakati ya pili inabeba sifuri. Mzigo ukishuka zaidi, ya pili inaanza kuvuta umeme na relei ya nguvu ya kurudi inafungua breka. Watu wanalalamika kwamba jenereta ya pili "inajizima usiku". Hakuna cha ajabu, drupu hazifanani.

Kupanga drupu:

1. Mashine peke yake, imepata joto la kazi. Weka Hz 52 bila mzigo.
2. Weka mzigo kamili, au nusu kama huna zaidi. Kwa drupu ya asilimia 4 utarajie Hz 50 kwenye mzigo kamili, 51 kwenye nusu.
3. Zikishuka pungufu, ongeza drupu. Zikishuka kupita kiasi, punguza. Kila ukigusa drupu, rudi bila mzigo na urekebishe spidi iwe 52 tena, maana skrubu hizi mbili huvutana.
4. Rudia kwa mashine ya pili mpaka namba zifanane. Kwenye injini yenye kompyuta, drupu inawekwa kwa programu ya mtengenezaji. Hakikisha haijaachwa sifuri.

Mashine za ukubwa tofauti hugawana kwa asilimia. kVA 500 (kW 400) na kVA 300 (kW 240) zikibeba kW 320 kwa pamoja, ya kwanza ibebe 200 na ya pili 120, zote zikiwa nusu ya uwezo wake.

Drupu ya AVR

Upande wa kVAr kanuni ni ileile, ila kipimo ni volteji. CT ya drupu inaleta habari ya mkondo kwenye AVR, na AVR inashusha volteji kadiri mashine inavyobeba kVAr. Kwenye alternata za Stamford, AVR kama AS440 na MX341 zina tarminali S1 na S2 kwa kazi hii. SX460, ambayo imejaa kwenye mashine ndogo mtaani, haina. Mashine yenye AVR hiyo usiiingize kwenye basibaa moja na nyingine kabla hujaibadilisha AVR.

Kupima:

1. Mashine peke yake, spidi sahihi, volteji 400 bila mzigo.
2. Iwekee mzigo wenye mota, pawa fakta karibu 0.8. Hita peke yake hazifai, kwa sababu drupu ya AVR haitikisiki na kW.
3. Volteji ishuke. Lengo la kawaida ni asilimia 3 kwenye mzigo kamili, yaani 12 V kati ya 400; kwenye nusu mzigo 6 V.
4. Volteji ikipanda, CT imegeuzwa. Zima mashine, badilisha S1 na S2. Hii ndiyo hitilafu moja inayochoma alternata baada ya fundi mwingine "kukarabati" paneli: badala ya kujizuia, kila mashine inajiongezea kVAr kadiri inavyobeba, na mkondo unapanda ndani ya sekunde chache baada ya breka kufungwa.
5. Isiposhuka wala kupanda, angalia kama kuna waya mfupi kati ya S1 na S2. Huwekwa pale mashine inapofanya kazi peke yake, na husahaulika.
6. Ikishuka kidogo sana hata trimpoti (skrubu ndogo ya kurekebishia) ikiwa mwisho, CT iko kwenye fezi isiyo yake. Fuata mchoro wa AVR yako.

Baada ya hapo funga mashine zote mbili sambamba bila mzigo. Mkondo unaozunguka uwe mdogo; sisi hatukubali zaidi ya asilimia 5 hivi ya ampea za kibao. Ukiwa zaidi, mashine inayosoma kVAr chanya ina volteji ya juu: ishushe taratibu mpaka kVAr za zote zikaribie sifuri. Kisha weka mzigo. Tofauti ya kW isiyozidi asilimia 5 ya uwezo wa mashine, na ya kVAr isiyozidi 10, ni kazi nzuri. Kuhangaika mpaka ampea zifanane moja kwa moja ni kupoteza dizeli.

Kuoanisha kabla ya kufunga breka

Masharti manne: volteji sawa, Hz karibu sawa, mpangilio wa fezi mmoja, na pembe ya fezi karibu sifuri. Kontrola nyingi, kama DSE8610 ya Deep Sea au InteliGen za ComAp, hufanya hivi zenyewe. Mipaka ya busara ni Hz 0.1 hadi 0.2 ya tofauti, pembe isiyozidi digrii 10, na volteji ndani ya asilimia 5 au pungufu.

Kwa mkono, sinkroskopu (mita yenye mshale wa kulinganisha mashine mbili) ikizunguka kulia ujue inayoingia ina spidi zaidi, na hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa, iingie ikibeba kidogo. Mzunguko mmoja kwa sekunde 10 ni tofauti ya Hz 0.1. Funga breka mshale ukiwa karibu kufika juu kabisa, kwa sababu breka nayo inachukua muda kufunga. Mshale ukiwa umesimama chini, usifunge kamwe, hata kama umetulia vizuri.

Mkarabati yeyote akigusa waya za kupimia, AVR, basibaa au transfoma ndogo za volteji, fanya jaribio hili kabla ya kufunga breka tena. Breka ikiwa wazi na mashine zote zikizunguka, subiri kontrola iseme zimeoana, kisha pima volteji kati ya nguzo za breka: L1 ya juu na L1 ya chini, L2 na L2, L3 na L3. Zote tatu zishuke karibu sifuri kwa wakati mmoja. Ikiwa kontrola inasema tayari na wewe unasoma 400 V, waya za kupimia zimehama fezi moja. Mzunguko wa fezi ni sahihi lakini mashine zimepishana digrii 120. Kufunga breka hapo kunavunja kapulingi, kunapinda shafti na kuua daiodi za eksaita kwa pigo moja.

Huna mita? Taa hufaa, lakini volteji kati ya nguzo inaweza kufika mara mbili ya 230 V, yaani 460 V, basi weka taa mbili za 230 V mfululizo kwa kila fezi. Zikiwaka na kuzima zote pamoja, fezi ziko sawa. Zikiwaka kwa zamu, mpangilio umekosewa, simama hapo.

Kontrola zinapogawa mzigo

Mifumo ya sasa inaacha drupu na kushika Hz 50 kamili, kila kontrola ikimwambia mwenzake asilimia anayobeba. Ni nzuri mpaka waya wa mawasiliano ukorofishe.

Laini ya CAN (waya wa mawasiliano kati ya kontrola) inahitaji kizuizi cha omu 120 kila mwisho. Zima umeme wa kontrola, pima kati ya H na L: unatakiwa kusoma omu 60 hivi. Ukisoma 120, kimoja hakipo au waya umekatika katikati. Ukisoma 40, mtu ameweka cha tatu. Shildi (kinga ya nje) ya waya ifungwe ethi upande mmoja tu. Laini za analogi za zamani, kama za Woodward 2301A, hubeba volti chache za DC kulingana na mzigo. Chanya na hasi zikibadilishana kwenye mashine moja, hiyo itaukimbia mzigo kila mwenzake anapolemewa.

Kisha angalia kW ya kibao iliyoandikwa ndani ya kila kontrola. Mashine ya kW 200 iliyoandikwa 250 itasukumwa kubeba asilimia 25 zaidi ya mwenzake wa ukubwa uleule, na hakuna alamu itakayolia. Andika kW za kazi ya kawaida (PRP), usiandike za akiba (ESP). Kwa ISO 8528-1, ESP ni kwa saa zisizozidi 200 kwa mwaka. Unguja ilipokaa bila umeme wa gridi kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, jenereta za hoteli zilifanya kazi majuma kwa majuma. Mashine iliyohesabiwa kwa ESP haiwezi kuhimili mwendo huo.

Angalia pia ishara inayotoka kwenye kontrola kwenda kwenye gavana na AVR. Ikiwa imefika mwisho, asilimia 100 au sifuri, na mzigo bado haulingani, kontrola imeishiwa nafasi. Rudisha mashine kwenye drupu, rekebisha spidi na volteji ya msingi, ndipo uiwashe tena.

Dalili na pa kuanzia

Breka inaangushwa na nguvu ya kurudi. Angalia kwanza kW ya nani ilikuwa hasi. Mashine iliyoanguka mara nyingi ndiyo iliyokosa mafuta: filta, hewa kwenye bomba, tangi la kila siku limekauka, solenoidi inaachia. Ikiwa haina kasoro, basi mwenzake ana spidi ya juu au drupu hazifanani. Mpangilio wa asilimia 8 hadi 10 ya kW, kwa sekunde 5 hadi 10, unafaa injini nyingi za dizeli. Usiongeze muda ili "iache kusumbua". Lifti zinaposhuka zimejaa hurudisha nguvu kwenye basibaa, na kama mzigo mwingine ni mdogo, relei itaangusha breka bila kosa la mashine yoyote.

kW zinayumba, moja ikipanda nyingine ikishuka. Zifungue, kila moja ifanye kazi peke yake kwenye mzigo uleule. Ikiyumba peke yake, tatizo ni injini: akchueta nzito, viungio vimelegea, hewa kwenye dizeli, kipimo cha spidi kimesogea mbali na flaiwili. Zikitulia peke yake na kuyumba pamoja, punguza geini (ukali wa kuitikia) ya kugawa mzigo kwenye kontrola, au ongeza drupu kidogo. kVAr zikiyumba na kW zikiwa zimetulia, shika skrubu ya uthabiti kwenye AVR.

Mashine inafika asilimia 70 na kukataa kuendelea. Injini imechoka au imekosa mafuta. Gavana haina hatia. Angalia asilimia ya akchueta.

Nyutro inapata joto na klampmita inasoma mkondo mkubwa wakati fezi zimelingana. Alternata mbili zenye windingi za pichi (upana wa koili) tofauti zinazungushiana mawimbi ya Hz 150 kupitia nyutro. Stamford hutumia pichi ya theluthi mbili, ambayo inaondoa mawimbi hayo. Ukiiunganisha na isiyo hivyo, nyutro ndiyo inayobeba tofauti. Tibu kwa kontakta za nyutro ili mashine moja tu iwe na nyutro iliyofungwa kwa wakati mmoja, kwa mchoro ulioidhinishwa na mhandisi. Usikate nyutro kiholela, kwa maana vifaa vya fezi moja vinaweza kupokea hadi volteji ya fezi mbili.

Volteji inapanda na pawa fakta inaenda upande wa kuongoza usiku. Benki ya kapasita imebaki imewashwa. Mota zimezimwa, kapasita zinailisha alternata, AVR inajivuta mpaka haina la kufanya, na relei ya kupoteza eksaitesheni inaangusha breka. Iunganishe benki ya kapasita kupitia kontakta inayofunguka jenereta zinapowaka. Inverta za sola nazo zinahitaji mpaka: zisiruhusiwe kushusha mzigo wa jenereta chini ya asilimia 30 hivi.

Zote zinaanguka kwa pamoja. Tafuta aliyeanguka kwanza kwenye kumbukumbu ya matukio, kwa sekunde. Mara nyingi mashine moja ilitoka, iliyobaki ikapata mzigo mara mbili na kuzama. Weka relei ya Hz: zikishuka hadi 48, kata mzigo usio wa lazima, kama viyoyozi, mota za mabwawa na dobi.

Kuwasha na kuzima kulingana na mzigo

Dizeli inayofanya kazi chini ya asilimia 30 kwa muda mrefu inajaza masizi na mafuta mabichi kwenye eksozi, kwa hiyo mbili zinazobeba kidogo si bora kuliko moja inayobeba vizuri. Kwa mashine za kW 200, washa ya pili mzigo ukifika kW 160 kwa sekunde 10 hivi, na uizime jumla ikishuka chini ya 120 kwa dakika 10. Pengo hilo la kW 40 ndilo linalozuia ya pili kuwaka na kuzima kila robo saa. Mahali penye mota kubwa inayowashwa moja kwa moja, inayovuta mara 6 au 7 ya ampea zake, isiwashwe mpaka mashine ya pili iwe imeingia. Kontrola nyingi zina pini ya kuomba ruhusa hiyo.

Hospitali, hasa zenye chumba cha upasuaji, ziendeshe mbili hata kwa mzigo mdogo, kwa sababu sekunde 10 za kusubiri ya pili iwake ni nyingi mno. Masizi hayo yanaondolewa kwa kuipa kila mashine mzigo wa robo tatu kwa saa moja kila mwezi.

Ukimaliza, acha mashine zifanye kazi sambamba saa nzima kwenye robo, nusu na robo tatu ya mzigo, andika namba zote upya na uzibandike ndani ya mlango wa paneli pamoja na tarehe. Kisha weka tone la rangi ya kucha kwenye kila trimpoti uliyoigusa, ili wa baada yako akikuta rangi imepasuka ajue imeguswa.